Mwendo wa Baba Filomena

Harufu ya mkonge ukishasindikwa haisahauliki. Ni uchachu na uozo kwa pamoja, na inaganda kwenye nguo, kwenye nywele, hata kwenye ugali. Upepo ulipovuma kutoka shamba la mkonge ng'ambo ya reli, kijiji chetu chote kilinuka hivyo. Mpaka leo nikiipata harufu hiyo njia ya Kilosa kwenda Mikumi, namwona mwanamume mmoja akitembea. Mwanamume huyo sikuwahi kumtia machoni. Alikufa mbali, hakufika kwetu hata siku moja, lakini mwendo wake naujua kuliko mwendo wa baba yangu mzazi.

Kijiji kilikuwa kipya, kijiji cha ujamaa, nyumba zimepangwa mistari kama wanafunzi kwenye paredi. Sisi wenyewe tulikuwa tumehamishiwa pale, na watu wazima walikuwa bado wananung'unikia mashamba waliyoyaacha. Ndipo wakaletwa Mama Filomena na binti yake, kutoka Msumbiji, walikokimbia vita vya Mreno binti akiwa bado wa kubebwa mgongoni. Walipewa nyumba ya mwisho ya mstari wetu, wakapewa majembe na nafasi katika shamba la kijiji. Filomena alikuwa rika langu. Mwenyekiti alisema mkutanoni kwamba hawa ni ndugu zetu, wasiitwe wakimbizi, waitwe wageni. Basi tukawafanya wageni kwelikweli! Kisimani walipishwa, barazani walipewa kiti, shikamoo zikawa nyingi mpaka zinachosha. Kwetu adabu ya namna hiyo ni ya mtu usiyemjua. Mtu wako unamtania. Unamwambia ana kichwa kama kinu, unamnyang'anya muwa mkononi, naye anakurudishia maradufu. Filomena aliliona hilo mapema. Siku moja tunachota maji akaniuliza, "Asha, mbona wewe na Zena mnatukanana kutwa, na mimi hamnitukani?" Nikamjibu, "Wewe mgeni." Akajitwisha ndoo yake akaondoka, na mimi sikuelewa kilichomuudhi.

Masika yalipokuwa yanakwisha walipita vijana wawili waliotoka kusini. Waliongea na Mama Filomena kwa lugha ya kwao, wamesimama mlangoni, hata maji hawakunywa. Kijiji chao kilikuwa kimechomwa moto. Mume wake, aliyebaki nyuma kwa ajili ya mama yake mgonjwa, alikuwa ameuawa, na alikozikwa hakujulikani. Tulingoja kilio. Hakikuja. Kesho yake alikwenda shambani kulima kama kawaida, na wanawake walipokuja na unga na kuni za msiba aliwarudisha. "Mwili sijauona," alisema. "Hajafa. Namfuata." Akaanza kufunga mzigo, wake na wa Filomena.

Sasa fikiria. Kurudi kusini, kuvuka Ruvuma, kuingia vitani na mtoto mdogo, kumtafuta mtu aliyekwisha kufa! Kila mtu alijua huo ni mwisho wao. Lakini nani amwambie? Wageni hawakaripiwi. Wanawake walikaa barazani kwake wakisema "tunakuomba, mama," "fikiri vizuri, mama," kwa sauti za chini, wakaondoka. Filomena alikuja kwetu akamshika mama yangu kanga. "Mama Asha, sitaki kwenda," alisema, na mama alimkumbatia tu.

Niseme jambo kwa wasiolijua. Kwetu msiba unashikwa na watani. Wao ndio wanaoamrisha, wanaofanya vituko, na mmoja wao huvaa nguo za marehemu akaiga mwendo na maneno yake mbele ya wafiwa, mpaka wafiwa wacheke na kulia kwa pamoja. Bila mtani msiba haukai sawa. Na wale wawili, kwa heshima yote tuliyowapa, mtani hawakuwa naye.

Asubuhi ya kuondoka kwao akatokea Mama Tatu. Huyu alikuwa mtani wa ukoo wetu, mwanamke wa miraba minne mwenye sauti ya kusikika mpaka stesheni. Alikuwa amevaa koti la mume wake na kofia ya ukindu. "Mtani wa hawa ni mimi," alitangaza. "Anayebisha aje!" Kisha akaanza kupepesuka kama mlevi kuelekea mlango wa Mama Filomena, akipiga makelele: "Mke wangu! Nimerudi! Chakula kiko wapi, mvivu wewe?" Akapiga teke sufuria. Mama yangu alijishika mdomo. Mama Filomena alisimama na mzigo wake kichwani, uso umekauka, na mimi nilidhani atadondoka pale pale.

"Sivyo!" alipiga ukelele. "Mume wangu hakuwa mlevi! Hakunipigia kelele hata siku moja!"

"Nitajuaje?" Mama Tatu alimjibu kwa ukali uleule. "Nilimwona wapi? Alitembeaje? Nionyeshe!"

Mama Filomena akatua mzigo. Akatembea. Alitembea taratibu, bega la kushoto limeshuka, kisha akasimama na kugeuka nyuma, kama mtu aliyesikia anaitwa. Mama Tatu akamfuata akiiga. "Bega lishuke zaidi," Mama Filomena alimsahihisha. "Mlangoni alikuwa hapigi hodi. Alikohoa kidogo, akangoja." Wakazunguka uwanja, mmoja mbele, mwingine nyuma. Filomena alikuwa ametoa macho. Alitenganishwa na baba yake akiwa mdogo mno, na siku ile ndiyo aliyomfahamu. Mwishowe Mama Tatu alipita peke yake, bega chini, akageuka, akafika mlangoni, akakohoa. Wallahi hakuwa Mama Tatu tena. Mama Filomena akaanguka chini, na kilio tulichokuwa tunakingoja kikaja. Tukakaa matanga siku hiyohiyo. Hawakuondoka.

Lakini yule mwanamume naye hakuondoka. Sisi watoto tulichukua mwendo wake tukaufanya mchezo, tukipita mmoja nyuma ya mwingine, bega chini, tukigeuka. Siku moja Mama Filomena alitukuta njiani, mume wake akija kwa sura za watoto kumi. Ndoo ikamponyoka. "Mwacheni apumzike," alituomba. Tuliacha mbele yake tu. Jioni nikikohoa mlangoni kwetu, hata kwa mafua ya kweli, mama alishtuka.

Wazee wale wote wamekwisha kufa, Mama Filomena naye kazikwa kwetu. Mwaka huu mto ulipofurika, watu wa mabondeni waliletwa kwenye uwanja wa shule, mahemani. Wamepewa magodoro, unga na dawa za maji, vitu ambavyo sisi enzi zile tusingeviota. Nilikwenda na Filomena, sasa bibi mwenye wajukuu, anaishi Magomeni ya hapa Kilosa. Tulimkuta mama mmoja ambaye mumewe alichukuliwa na maji na hakuonekana. Kila aliyepita alimwambia "pole sana, mama," kwa adabu, akasonga mbele. Na mimi nilimwambia hivyohivyo. Filomena alisimama mbele yake, mikono kiunoni.

"Wewe mwanamke," alimwambia, "mbona umekalia godoro la mume wangu?"

Yule mama aliinua uso. Kijana wa kugawa unga akataka kumwondoa Filomena. Filomena akamsukuma, akakaa kwenye godoro, bega kwa bega na yule mama.

"Mume wako mimi sikumwona," alisema. "Alikuwa anatembeaje?"