Gesi ya Jalala na Jicho la Ngassa

Ashukuriwe Mungu aliyenifikisha kwenye umri huu wa kuchoka, na bado ananipa pumzi ya kusema.

Nakumbuka siku moja, mwanangu, tulipokuwa vijana wachimbaji huku Geita, mimi na rafiki yangu Ngassa. Duara letu, yaani shimo letu la dhahabu, lilikuwa halitoi kitu. Ngassa akasikia kwamba kwenye jalala la zamani, lile lililofukiwa udongo, kuna nyaya za shaba. Tukachimba. Shimo lilipofika kimo cha mtu, Ngassa akafunga koroboi kwenye kamba aishushe, kama tulivyozoea machimboni: taa ikizimika, chini hakuna hewa, hushuki.

Baba yake alikuwa akipita na ng'ombe.

"Nyie, humo mmepoteza nini?"

"Dhahabu ya maskini, baba!" Ngassa akacheka.

"Na shikamoo umeifukia humo humo?"

"Shikamoo, baba."

Mzee hajaitikia, Ngassa akaishusha koroboi, na moto ukapanda kutoka shimoni hadi usoni kwake.

Ngassa alipona, ila jicho moja lilipofuka kabisa. Pale hospitali baba yake alisema taratibu, "Moto ule ungechemsha vyungu vya mtaa mzima. Wewe umeupa jicho lako." Nilidhani ni uchungu tu unaosema.

Siku hizi mafundi wamelaza mabomba kwenye jalala lile lile. Taka zinaoza chini, zinatoa gesi, na gesi inazungusha mashine ya umeme. Pampu yetu ya maji, iliyokuwa ikinywa dizeli kutwa, sasa inaendeshwa na uchafu wetu wenyewe. Namshukuru Mungu kwa hilo. Lakini nimechoka, mwanangu, kusikia vijana wanarudi kuchimba shaba pale pale, wengine na sigara mdomoni. Na juzi Ngassa mwenyewe, kwa jicho lile lililobaki, amekuona wewe ukielekea huko na sururu begani.

Nakusihi, usitoboe udongo ule, wala usipeleke moto pale. Wenzako wakikucheka, waache wacheke. Gesi ikivuja hovyo, tunarudi kwenye dizeli, na mama yako anarudi kubeba ndoo kutoka mbali; na hilo ni dogo kuliko uso wako. Kama ni kazi unayotafuta, njoo twende wote kwa mafundi tukaombe. Miguu yangu ni mizito, lakini nitafika.

Nawe usomaye haya, Mungu akupe riziki isiyokuumiza, na kila jioni akurudishe kwenu ukiwa mzima. Amina.