Babu Mwenye Mvi

Juzi, kwa muuza miche mmoja wa Kisauni, niliona mpungate wa jangwani uliofunikwa na nywele nyeupe, nikasikia tena mlio wa panga.

Mama alikuwa na mmoja kama huo ndani ya kopo la rangi, kibarazani kwetu Likoni. Nilimwita Babu kwa ajili ya mvi zake. Alasiri moja, nikiwa mtoto, ua wetu ulinuka samaki wa kukaanga, na baba aliingia na panga mkononi.

“Miba hii ndiyo inayoleta ugomvi nyumbani!”

“Ni mmea tu, Baba Zuhura. Wallahi, ni mmea.”

Akampiga mama kofi la mdomo, kisha akamkata Babu vipande viwili. Ute ukachuruzika juu ya saruji. Niliamini kwamba nimeshuhudia mtu akiuawa.

Baba alipotoka, mama, damu ikimtiririka kidevuni, aliokota kichwa cha Babu kwa gazeti, akakilaza kivulini. Nikakimbilia kikombe cha maji.

“Usimtie maji, Zuhura!”

“Lakini ana kiu, Mama.”

“Kidonda kibichi kikifukiwa mchangani huoza. Kikauke kwanza, ndipo tumpande.”

“Hapa hapa?”

Mama alitazama mlango.

Nilidhani hana huruma. Leo napanda mipungate yangu mwenyewe, nami husubiri vivyo hivyo. Mdomo wake ulipopona, alifunga nguo zetu kwenye leso, akanipa Babu nimbebe, tukahamia Changamwe. Tulimpanda kabla hatujatandika mkeka.