Jeep Aliyoichagua Dada

Baba alipostaafu mgodini, kampuni ilikuwa imeanza kuanguka, na Wakasai, watu waliotoka mkoa mwingine kuja kufanya kazi, walikuwa wakifukuzwa Kolwezi. Alitaka jeep iliyotumika, ya kumfikisha shambani upande wa Nzilo, akatuita mimi na dada yangu tumchagulie. Dada alilala chini ya kila gari tuliloonyeshwa, akagusa chasi, akanusa oili. Baba alimtazama kana kwamba hana mtoto mwingine. Wivu ukanikaba.

Ili nimshinde dada, nikasema, "Tata, jirani yetu Mukasai iko na jeep ya muzuri. Banamufukuza. Ataiuza bei chini sana."

Baba alinigeukia. Yeye na jirani huyo walikuwa wamefanya zamu moja miaka mingi.

"Ule mutu ni ndugu yangu," akasema. "We unataka mi nimuibie?"

Akanunua ile aliyoichagua dada. Safari ya kwanza ya jeep hiyo haikuwa ya shambani. Baba na dada walimpakia jirani na familia yake, magodoro na masufuria, wakawapeleka kituo cha treni. Dada ndiye aliyeendesha. Mimi nilibaki mtaani kwetu Kapata, mlangoni, nikiona aibu, na bado, Mungu anisamehe, nikimwonea wivu.