Kifungo cha Lembke

Ottokar Lembke, karani wa mizani katika kiwanda cha sukari, alikuwa mtu wa maneno machache. Kila Ijumaa, tangu vita viishe, alikwenda kwenye baa ya Bi Trude kukaa na wenzake wa jeshini. Meza yao haikuwa na mambo ya kupeana mikono. Anayeingia hugonga ubao kwa vidole, na walioketi humjibu kwa kugonga. Usipojibiwa, ujue huna kiti.

Ijumaa hiyo alisimama mlangoni muda mrefu. Riwaya yake ilikuwa imetoka, na mji mzima ulikuwa ukiisoma na kucheka. Ilimhusu sajini mpumbavu aliyewapanga askari mstari akague vifungo vya makoti, huku vifaru vya Warusi vikinguruma nyuma ya ghala. Lembke hakuibuni. Sajini yule alikuwa Wendelin Krahl, sasa muuza nyama, ambaye siku ileile alimbeba Lembke mgongoni thelujini, Lembke alipovunjika mguu. Rafiki mwingine kama huyo hakuwa naye.

Akaingia, akagonga meza.

Hakuna aliyemjibu kwa kugonga. Krahl alikuwa anatafuna soseji. Akameza, akafuta masharubu.

"Lembke, mshenzi wewe! Umemweza!"

"Nimemweza nani?"

Krahl akamvuta sikio, akanong'ona, "Hasenpusch, nani mwingine? Na vifungo vyake! Mke wangu kacheka mpaka kalia."

Hasenpusch, tarishi, naye aliwahi kuwa sajini. Krahl alipogeuka kuagiza bia, Hasenpusch akamwinamia Lembke kutoka upande wa pili. "Bwana, Krahl umemvua nguo. Hajajijua, maskini. Usimwambie."

Lembke akatazama huku, akatazama huku. Je, Krahl hakujitambua kweli, au alikuwa anamchezea? Alikuja na maneno ya kuomba radhi. Sasa hakujua ampe nani. Na bado hakuna aliyemgongea meza.

"Krahl," alianza, "yule sajini..."

"Lembke!" Sauti ya Krahl ilikuwa ileile ya thelujini. "Kifungo!"

Kabla hajafikiri, visigino vyake vilikutana tap, kidevu juu, mikono ubavuni. Kweli, kifungo cha katikati cha koti lake kilikuwa kinaning'inia kwa uzi mmoja. Baa nzima ikaangua kicheko.

"Mwandishi huyo!" Hasenpusch alipiga kelele. "Mtazameni!"

Krahl peke yake hakucheka. Alikitazama kile kifungo kwa uchungu wa kweli, kama mtu aonaye jeraha.

"Trude, mama, sindano na uzi," alisema. "Hawezi kukaa hivyo."

Lembke akashona akiwa amesimama, huku bia aliyoagiziwa ikiishiwa povu. Alipokata uzi kwa meno, Krahl akakivuta kifungo kukijaribu. Kikashika. Ndipo akagonga meza mara moja, kwa nguvu, na wengine wakafuata.

Lembke akaketi. Alitaka kumuuliza Krahl kama amejitambua kitabuni, lakini hakujua aanzie wapi.