Bibi Ardo na Kifurushi cha Mafundo Saba

Alizaliwa msimu wa mvua ndefu, yapata mwaka 1902, katika kambi ya wafugaji mashariki ya Garissa, binti wa Guleid, mtu wa ngamia wachache na ibada nyingi. Guleid alikuwa mtunzaji wa kaburi la Sheikh Nunow. Kando ya kaburi hilo kuna chumba cha udongo kisicho na kufuli, na humo wafugaji wanaohama kufuata malisho huacha vitu wasivyoweza kubeba, kisha huvikuta mahali pale pale wakirudi, hata ipite miaka. Sisi wa leo, tunaoacha simu dukani ichajiwe na kugeuka mara tatu kuitazama, hatuna budi kuona haya kidogo. Guleid alipofariki mwaka 1938, kakake Ardo alikuwa mbali akichunga ngamia, na wazee wakanong'ona kwamba mwanamke hafai kazi ile. Ardo, mjane tayari, hakubishana nao. Alichukua ufagio akafagia chumba, kesho yake akafagia tena, na baada ya mwaka mmoja wazee wenyewe walikuwa wakimletea vyombo vyao.

Watu walikuja kuzuru kaburi, wakimaliza dua wakaomba kuona chumba, naye akawatembeza. Aliwaonyesha vyombo vya maziwa vilivyosukwa kwa mizizi, kengele za mbao za ngamia, na mbao ambazo watoto waliandikia Qur'ani kwa wino wa makaa. Kila kitu alikitaja kwa jina la mwenyewe, na jina la mama wa mwenyewe. Hakujua kusoma, lakini hakukosea hata mara moja. Sharti lake lilikuwa moja: kilicholetwa kimefungwa hakifunguliwi ila na aliyekifunga. Sharti hilo ndilo lililokuja kumtia majaribuni.

Hali ya hatari ilitangazwa mwishoni mwa 1963, na vita vya serikali na waasi waliotaka kujitenga vikaingia katika kila boma. Mwaka 1965 Korane, mtoto wa kakake, aliyemlea kwa mikono yake, alifika na mzigo mrefu uliofungwa kwa turubai. Ardo aliinua ncha moja, akapima uzito, akaelewa.

"Eddo, nitunzie hii," Korane alisema, akimwita shangazi kwa lugha yao.

"Wewe nitakutunza hadi nife," alimjibu. "Hii siitunzi. Humu mna vitu vya watu mia, na hii itavichoma vyote."

Korane aliondoka na bunduki yake, asiage. Hakurudi tena, na Ardo alimlilia waziwazi mbele ya wageni, bila kuficha machozi. Lakini kuna mtu alikuwa amemwona kijana na mzigo wake pale kaburini. Mnamo Desemba 1966, siku ambazo serikali ilikuwa ikiwakusanya watu katika vijiji vya kulindwa, vilivyozungukwa na askari, ofisa mmoja kutoka bara alikuja na askari na madebe ya petroli. Alisema chumba ni ghala la silaha na kitachomwa.

Ardo alimwambia kwa Kiswahili chake cha sokoni, "Viatu nje, mwanangu. Kwanza tazama, halafu choma."

Sijui ofisa yule alipata wapi subira, lakini alivua buti. Akatembezwa kama mgeni yeyote: hiki cha Shurie wa Kinsi, hiki cha Yarow wa Zeinab. Mwishoni, juu ya rafu, palikuwa na kifurushi cha mafundo saba, kirefu, kigumu kwa kugusa. Ofisa aliuliza ndani mna nini.

"Mimi hapana jua. Ni ya Muslimo. Alifunga yeye."

"Fungua."

"Mimi hapana fungua. Ukitaka, piga mimi."

Ofisa akafungua mwenyewe, na Ardo akageukia ukuta, akafumba macho. Alisikia mafundo yakifunguka moja moja, kisha vidole vikihangaika kuyafunga tena. Askari waliondoka na petroli yao. Mtu mwingine angechinja mbuzi kwa shukrani. Ardo alikaa chini akasema, "Amana ya Muslimo imefunguliwa mikononi mwangu. Lazima aambiwe."

Muslimo, mwanamke aliyekiacha kifurushi kile, alikuwa amepelekwa kijiji cha kulindwa karibu na Masalani, mwendo wa siku nyingi kufuata mto Tana, na aliyekutwa njiani bila kibali aliweza kupigwa risasi. Ardo alikuwa na miaka sitini na kitu. Alibeba kifurushi kichwani, akaenda. Siku ya saba alifika langoni, miguu imevimba na homa mwilini, akaomba aitiwe Muslimo.

"Kimefunguliwa, dada. Mimi sikutazama. Nisamehe."

Muslimo alilia, akamwambia amesamehewa kabla hajaomba. Siku tatu baadaye, Januari 1967, Ardo alifariki katika kibanda cha Muslimo. Hapo ndipo Muslimo alipofungua mafundo mabaya ya yule ofisa. Ndani mlikuwa na ubao wa marehemu mwanawe, wenye somo lake la mwisho ambalo halikuoshwa kamwe, na ubao umeviringishiwa sanda aliyojiwekea Muslimo mwenyewe. Sanda hiyo ndiyo aliyozikwa nayo Ardo. Aliibeba kichwani siku saba asijue.

Amani iliporudi, Muslimo aliurudisha ubao chumbani, naye ndiye aliyenisimulia haya. Mimi si mwepesi wa kuona karama kila kona, ila nimeona mchwa wakila mlango na boriti mbili za chumba kile, na ubao ule haujaguswa. Mwaka 1974 alikuja mzee kutoka bara, akavua viatu, mara hii bila kuambiwa, akasimama mbele ya ubao kwa muda mrefu. Nawe ukienda kuzuru, msomee Ardo Fatiha. Kisha kumbuka kama kuna kitu cha mtu kilichoharibikia mikononi mwako, uende ukamwambie.