Dereva wa Sita

Naomba nikae. Najua waliotangulia wametoa ushuhuda wamesimama, na Baba Moraa karuka mpaka tukaogopa zulia litachanika, lakini nyayo zangu mimi bado hazijui kama zinakanyaga zulia au misumari. Nikisimama nitakuwa naangalia chini, na leo nataka kuwaangalia nyinyi.

Wanaonijua wanajua nilivyokuwa. Mimi ni Kerubo, mtu wa Kisii, na nilikuwa na sauti ya kumwita mtu ng'ambo ya bonde bila simu. Na mdomo nilikuwa nao! Mume wangu Ombati husema alinioa kwa sababu alichoka kubishana nami bure. Tunaishi Manassas, hapa hapa Virginia. Yeye hupanda treni alfajiri kwenda Arlington, huko anasafisha ofisi. Mimi nilikuwa nahudumia wazee majumbani. Kuogesha, kuvisha, kulisha, kubadilisha nepi. Kazi ya mgongo na mikono, na nilikuwa navyo vyote viwili. Kitu kikubwa nilichowahi kuugua ni malaria.

Mzee wangu wa mwisho alikuwa Mzee Dwight. Ni Mmarekani mweusi, fundi wa mabasi aliyestaafu, na sukari ilishamkalisha kwenye kiti cha magurudumu. Alijifunza Kiswahili ujanani, darasani, na anakiongea kwa usafi unaokera. "Dada Kerubo, tafadhali naomba uniletee soksi zangu za pamba." Sisi tungesema leta soksi, basi.

Mzee Dwight alipenda kitu kimoja duniani: mbio za magari, na hasa zile za viwanja vifupi, ambako magari yanazunguka yamebanana mpaka bampa zinang'oka. Kila kukiwa na mbio alikuwa anaunda kikosi kwenye simu. Mchezo wenyewe ni hivi. Unachagua madereva sita. Kila dereva ana bei yake ya mchezo, na jumla ya bei isipite kiwango. Wakali ni ghali, kwa hiyo ukichukua wakali wawili, wengine unaokoteza. Dereva wako akipita magari mengine unapata pointi. Akiongoza mizunguko unapata zaidi. Mbio zikishaanza, kikosi kinafungwa na huwezi kubadilisha kitu tena. Pasta, usinikodolee macho hivyo, tulicheza ule wa bure, si kamari.

Mwanzoni nilimsaidia kuchagua ili anyamaze nimvishe. Baadaye, jamani, nikanogewa. Tulikuwa tunabishana kama watu wa bunge. Yeye alitaka wanaoanza mbele, kwa sababu kwenye uwanja mfupi kupita mwenzako ni kazi. Mimi nilitaka wale wa bei rahisi wanaoanza nyuma. "Huyu anaanza karibu na mkia," nilikuwa namwambia, "ataenda wapi tena zaidi ya mbele? Akipita hata watano ni faida yetu." Naye ananijibu, "Dada, wewe una huruma, lakini huna akili ya mbio." Hata hivyo nafasi ya sita aliniachia mimi. Ikawa ndiyo desturi yetu, watano wake na mmoja wangu.

Ugonjwa ulianza kwa tumbo. Nilikula kuku kwenye sherehe fulani, nikaharisha, ikapita. Wiki iliyofuata vidole vya miguu vikaanza kufa ganzi. Nikalaumu viatu. Kesho yake ganzi imefika magotini, na nikipanda ngazi nashika ukuta. Nikalaumu uzee, na Ombati akacheka, akasema basi sasa tuko sawa. Siku iliyofuata nilikuwa namvisha Mzee Dwight soksi, ile soksi ya pamba, vidole vyangu vikakataa kuifungua. Nilijaribu, nikajaribu tena. Mzee akaviangalia vidole vyangu, akasema, "Dada, nenda hospitali. Nenda sasa hivi, mimi nitakaa bila soksi."

Sikwenda. Nilirudi nyumbani nikaoge kwanza. Nilianguka bafuni nikashindwa kuinuka, nikiwa uchi, maji yananimwagikia usoni, na Ombati yuko kwenye treni. Nililala pale mpaka aliporudi. Alinikuta natetemeka na midomo imekuwa ya rangi nyingine.

Hospitali walinichoma sindano mgongoni, wakanipitisha umeme miguuni kupima mishipa. Daktari alikuwa mwanamke kijana mwenye sauti ya polepole. Akasema, "Kinga ya mwili wako imekosea adui. Inashambulia mishipa yako ya fahamu. Ganzi itapanda, halafu itasimama, halafu itashuka."

Ombati akamwuliza, "Itasimama wapi?"

Akasema, "Hatujui."

Ilipanda mchana kutwa mimi nikiisikia inavyopanda. Kiuno, tumbo, mikono. Nikawa siwezi kukohoa. Nikawa namwambia Ombati maneno na sauti inatoka ndogo, ndogo, kama redio inayoishiwa betri. Neno la mwisho nililosema ni "usi." Nilitaka kusema usiondoke. Halafu wakaniingiza mpira kooni, mashine ikaanza kunipumulia.

Watu wangu, nitawaambia ukweli jinsi ulivyo. Nililala kama gunia. Nilisikia kila kitu, nilihisi kila kitu. Shuka likinigusa mguu liliniuma kama moto. Pua iliwasha na hakuna mkono wa kuikuna, unalala na kuwashwa mpaka kuchoke kwenyewe. Nilivishwa nepi. Mimi! Nimebadilisha nepi za watu miaka na miaka nikiwaambia "pole, tunamaliza sasa hivi," kumbe sikujua hata kidogo kinachosikika upande ule. Kuna mhudumu mmoja alikuwa ananigeuza huku anaongea na simu yake, na machozi yananitoka, anayafuta anaendelea kuongea. Niliona uchungu, lakini ungefanya nini? Hata kulia kwangu kulikuwa kazi ya mtu mwingine.

Kope ndizo hazikufa. Nikifumba macho mara moja ni ndiyo, mara mbili ni siyo, na nikifumba fumba mfululizo maana yake nina shida, mwite nesi. Waliandika kwa herufi kubwa ukutani juu ya kichwa changu. Hiyo ndiyo iliyokuwa lugha yangu yote, mimi niliyekuwa na mdomo.

Baada ya muda mrefu walinitoboa koo mbele, wakaweka kibomba chenye kingine chembamba ndani yake, na kuniachisha mashine kidogo kidogo. Mchana nikawa napumua mwenyewe kwa kile kibomba. Nikahamishiwa kitengo kingine, na wageni wakaruhusiwa. Na hapo ndipo mlipokuja.

Mlikuja Jumapili baada ya ibada. Nesi alisema waingie wawili wawili. Tangu lini Mkenya ameingia hospitali wawili wawili? Wengine walipita na lifti, wengine na ngazi, mkajaa mpaka dirishani na mabakuli ya chapati, na mimi nalishwa kwa mrija tumboni. Niliwafurahia, mjue. Moyoni niliimba na nyinyi kila wimbo.

Mzee Dwight alikuwa amefika kabla yenu. Binti yake alimleta na kiti chake, akaegeshwa ubavuni kwangu na simu mkononi. Mbio zilikuwa mchana huo, huko kusini mwa Virginia, uwanja mfupi. Tayari alikuwa amechagua watano wake na amebakiwa na pesa kiduchu ya mchezo. Alinisomea majina ya wale wa bei rahisi, mmoja mmoja. Nami nakataa: mara mbili, mara mbili. Akanong'ona, "Dada, zimebaki dakika chache wafunge. Usiniaibishe." Jamani, ilikuwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu mtu kuniharakisha. Wote walikuwa wananiambia pole, pumzika. Yeye ananidai jibu.

Basi Pasta akasema tushikane mikono tuombe. Mkatengeneza duara kunizunguka. Dada Rael, ambaye yuko hapa na ameniruhusu nimtaje, alinishika mkono wa kulia. Kidoleni nilikuwa na ile klipu inayopima oksijeni. Ili anishike vizuri akaisogeza, ikachomoka. Mashine ikaanza kulia ti-ti-ti. Sasa, katika kanisa lingine wangeshtuka wakamwita mtu. Lakini sisi hapa nusu yetu ni manesi na wahudumu. Dada Rael akaitazama, akasema, "Ni kidole tu, hakuna shida," akabonyeza kitufe cha kuinyamazisha ili isivuruge maombi. Na alikuwa sawa. Wakati ule ilikuwa kidole tu.

Pasta akasema, "Kila jicho lifumbwe, kila kichwa kiinamishwe."

Mkafumba. Mkaanza kuomba wote kwa sauti, kila mtu na lake, kama tunavyoomba sisi. Na katikati ya kelele hiyo, kohozi likapanda ndani ya kibomba changu likakaa pale kama kizibo.

Nilivuta hewa, haikuja. Nikavuta tena, haikuja. Kukohoa siwezi, na mashine imenyamazishwa. Mkono nimeshikwa, na hata usingeshikwa haujongei. Nikaanza kufumba fumba macho haraka haraka. Shida, shida, mwiteni nesi! Nikamwangalia Dada Rael: kafumba. Nikamwangalia Pasta: kafumba, jasho linamtoka. Nikamtafuta Ombati wangu miguuni pa kitanda. Ombati alikuwa amefumba macho akilia, anamwambia Mungu, "Usinichukulie Kerubo, usinichukulie Kerubo." Nilikuwa nakufa mbele yake, na yeye anaomba nisife. Niliwapenda nyote na nilitamani kuwazaba makofi nyote.

Kifua kikaanza kuungua. Pembeni mwa macho kukawa na giza. Nikasema basi, Mungu wangu, ndivyo hivi, nimezungukwa na watu wangu na hakuna hata mmoja anayeniona.

Mzee Dwight hakufumba. Msidhani ni kwa sababu ana imani kubwa au ndogo. Alikuwa anataka dereva wa sita! Alikuwa amenikodolea macho akisubiri jibu lake, kidole juu ya simu. Akaona nafumba, akafikiri ni ndiyo. Akaona nafumba tena, akafikiri ni siyo. Halafu akaona sikomi. Alisema baadaye kwamba alinikasirikia, alidhani namchezea. Halafu akaona midomo yangu inabadilika rangi.

Akapiga kelele. Kiswahili chake chote cha darasani kilimpotea, akapiga ukelele wa Kimarekani uliokata maombi yenu katikati. Dada Rael alifumbua macho, na alichofanya naomba mkikumbuke kama mnavyokumbuka kile kitufe: aliruka, akachomoa kile kibomba cha ndani cha kooni kwa mkono wake, akakivuta na kohozi lake, huku anamwita nesi. Hewa ikaingia. Sikumbuki zaidi ya hapo. Nilipozinduka nilikuwa nimerudishwa kwenye mashine ya kunipumulia, na nilianza upya wiki nyingi za kuachishwa.

Kikosi hakikuingia, kilifungwa na nafasi moja wazi. Mzee Dwight alinieleza hilo kwa huzuni ya kweli, akaongeza kwamba yule wa mkiani, ambaye alijua ningemchagua, aligonga ukuta mapema akarudi gereji. "Kwa hiyo hatukupoteza chochote, Dada," akasema.

Ugonjwa ulishuka kama daktari alivyosema, ila ulishuka kwa hatua za kobe. Kwanza bega. Halafu kidole gumba. Siku waliyoniziba kile kibomba ili hewa ipite mdomoni nikatoa sauti, Ombati alitoka nje akaenda kulia kwenye korido. Nilijifunza kukaa, nikajifunza kushika kijiko. Leo natembea na fremu ya kuegemea. Vifungo vya blauzi bado ananifunga Ombati, na huwa anakosea. Kazi sijarudi. Daktari anasema nyayo huenda zikapona, huenda zisipone, naye hajui. Nimezoea watu wasiojua.

Dada Rael alikaa miezi hanitazami usoni. Alikuwa anakuja, analeta uji, anaweka mlangoni, anaondoka. Nilimwita nikiwa na sauti mpya hii ya kukwaruza, nikamwambia, "We Rael, uji wako hauna sukari, ingia ndani." Akaingia. Tulilia mpaka Ombati akazima taarifa ya habari.

Kwa hiyo namshukuru Mungu. Nawashukuru kwa kila sala, na msije mkasema Kerubo alikataza watu kuombea wagonjwa. Ombeni, tena kwa sauti. Lakini mkienda kwa mgonjwa, msimshike mahali penye mashine. Mashine ikilia, iacheni ilie, Mungu anasikia hata kukiwa na kelele. Mwulizeni mwenyewe, hata kama ni kwa macho, na msubiri jibu. Ukiona ganzi inapanda, usiende kuoga kwanza. Na kwenye duara la maombi, chagueni mtu mmoja wa kutofumba.

Pasta ananionyesha saa, anataka tuombe. Sawa. Pale nyuma naona Mama Kioko amekuja leo na mtungi wake wa oksijeni, karibu Mama, pole na safari. Haya, shikaneni mikono. Fumbeni macho, nyote. Mimi namwangalia Mama Kioko.