Mwaka wa Mama Plasta Ugenini

Mama Plasta alikuwa na miaka hamsini na minane, na miezi mitatu tangu astaafu, alipowatangazia wanawe kwamba anakwenda nchi ya watu kujitolea mwaka mzima. Binti yake mkubwa aliweka kijiko chini.

"Mama, kazi ya bure hata hapa nyumbani ipo. Njoo unilelee watoto."

"Watoto wako hawajavunjika," alijibu.

Hakuwa akitania. Kwa miaka thelathini na mmoja alikuwa amefunga mifupa katika chumba kimoja cha hospitali ya serikali, na jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa limebaki kwenye kitambulisho tu. Watu walimjua kwa plasta, zile bendeji za unga mweupe alizozilowesha kwenye beseni, akazizungusha mguuni au mkononi, zikakauka na kuwa ngumu kama ukuta. Mumewe alishafariki, nyumba ilikuwa imepoa, na mwenda bure si mkaa bure. Shirika moja lilipotafuta fundi wa plasta wa kujitolea, alipanda ndege kwa mara ya kwanza maishani, akatapika njia nzima.

Mji aliopelekwa uliishi kwa kiwanda cha saruji. Vumbi lake lilitua juu ya kila kitu, hata juu ya chai. Alipewa chumba juu ya duka la viatu, chenye kitanda, jiko la gesi na dirisha lililotazama geti la hospitali. Lugha alijifunza kama mtoto: kwanza majina ya viungo, kisha matusi, kwa sababu anayevutwa mfupa hutukana. Mengine alifundishwa na muuguzi aliyefanya naye kazi, mwanamume mrefu aliyeinama kila mlangoni. Ndiye aliyemweleza kwamba huko wasiojuana hawasalimiani, na ukimsalimia mtu barabarani atashika mfuko wake kwanza. Ndiye aliyemweleza pia kwamba mtu akinyamaza hajakubali.

Kilichomshinda ni pole. Lugha ile haikuwa nayo. Mgonjwa akiingia anachechemea, ulimi wa Mama Plasta uliitafuta pole, ukaikosa, ukaokota neno la jirani, lile la kuomba radhi.

"Kwani ni wewe uliyenigonga?" dereva mmoja alimuuliza.

Muuguzi alicheka mpaka akakaa. "Mama, hilo ni neno la mwenye kosa. Watu hulisema mahakamani."

"Sasa ninyi mtu akifikwa na jambo mnamwambia nini?"

Muuguzi alifikiri. "Hatumwambii kitu. Tunakaa naye."

Mwezi wa tano wafanyakazi wa kiwanda waligoma, na wenye kiwanda wakakodi watu wa kuwavunja nguvu. Mama Plasta hakuhitaji kusimuliwa yaliyotokea kwenye geti la kiwanda. Anayeanguka huvunjika mkono karibu na kiganja. Anayeinua mkono kukinga uso huvunjika kigasha, kati ya kiwiko na kiganja. Siku ya kwanza alifunga vigasha kumi na vinne. Wagomaji na watu wa kukodiwa walilazwa machela kwa machela, wakatemeana mate. Mmoja aliyepasuka kichwa alimrukia jirani yake akamng'ata sikio, na kipande kikabaki mdomoni mwake. Damu iliruka hadi kwenye beseni, na plasta za mchana ule zikatoka na wekundu. Mama Plasta alimwaga maji, akachota mengine, akaendelea.

Siku ya nne, saa sita mchana, aliletwa kijana wa mgomo aliyepigwa nondo. Paja lilikuwa limevunjika vibaya, mfupa ukisukuma ngozi kwa ndani. Mama Plasta alilinyoosha, akalifunga banzi ili lisicheze, kijana akimshika mkono wa koti lake muda wote. Kazi ilikwenda vizuri, naye akajisifu kimoyomoyo. Alikuwa ametazama paja tu. Alipoinua macho, uso wa kijana ulikuwa umepauka kama majivu. Akamwekea kiganja tumboni; tumbo lilikuwa gumu kama ubao.

Alikimbia hadi chumba cha upasuaji. Daktari alikuwa na mikono yote miwili ndani ya mtu mwingine.

"Anavuja damu tumboni," Mama Plasta alisema.

"Nipe dakika kumi."

Kijana hakuzifikisha.

Kaka yake alifika akiwa bado na ovaroli la kazini, mchomeleaji, mwenye mikono iliyojaa makovu ya cheche. Alisimama miguuni pa machela akimtazama mdogo wake. Mama Plasta alijua kwamba alipaswa kunyamaza. Lakini huzuni haina adabu. Ulimi ulitangulia, ukaokota lile lile neno la mwenye kosa.

"Umesema nini?" mchomeleaji aliuliza.

Alidhani hakueleweka kwa sababu ya lafudhi. Akalirudia, polepole, kila silabi mahali pake.

Mchomeleaji alinyakua chuma cha kutundikia dripu. Pigo la kwanza lilimpata begani. La pili aliliona likija, akainua mkono. Kwa miaka yote alikuwa akiwasikia wagonjwa wakisema mfupa ulilia "ka!", na sasa alijua kwamba mwenye mfupa huusikia kwenye meno. La tatu liliangukia mbavu, naye tayari alikuwa chini. Muuguzi alimkumbatia mchomeleaji kwa nyuma. Wakaingia walinzi wanne wa hospitali, wakamwangusha, na hapo ndipo kipigo chenyewe kilipoanza. Walimpiga mateke ya uso na ya figo. Muuguzi alipiga kelele kwamba inatosha. Mlinzi mmoja akapanda juu ya mguu wa mchomeleaji na kuukanyaga kwa buti, mara ya kwanza, mara ya pili, hadi ukapinda pasipo na kiungo. Chini ya machela, mchomeleaji na Mama Plasta walitazamana, kila mmoja shavu lake sakafuni.

Muuguzi ndiye aliyemfunga Mama Plasta mkono. "Umeikaza mno," Mama Plasta alimkosoa, machozi yakimtoka. "Fungua, anza upya."

Binti yake alipiga simu. "Mama, rudi. Tafadhali."

"Nitarudi mwaka ukiisha."

Siku tano baadaye uvimbe wa mguu wa mchomeleaji ulipungua, ukawa tayari kuvutwa. Alikuwa amefungwa pingu kitandani, na askari mlangoni. Hapakuwa na mwingine wa kuunyoosha mguu ule. Mama Plasta aliingia, mkono wake wenye plasta ukining'inia shingoni kwa kitambaa. Muuguzi alichoma sindano ya ganzi, akalishika goti. Ganzi ilihitaji dakika kumi, na hakuna aliyelijua hilo kumshinda Mama Plasta. Alisubiri mbili. Akashika kisigino kwa mkono wake mzima, akavuta.

Mchomeleaji alipiga yowe lililowatoa watu mabenchini. Pingu ikamchana kifundo. Mama Plasta aliendelea kuvuta, na yowe lile likamshuka kifuani kama maji ya baridi kwa mtu aliyefunga saumu. Muuguzi alitazama saa ya ukutani, kisha akamtazama yeye.

Mfupa ulikaa mahali pake. Walipomaliza kufunga plasta, Mama Plasta alitoka, akaegemea sinki, akaacha maji yatiririke. Kisha akarudi.

"Andika kwenye faili. Mfupa umevutwa kabla ya ganzi kushika."

"Siandiki," muuguzi alisema. "Mtu huyu alitaka kukuua."

"Najua alichotaka."

Aliandika mwenyewe kwa mkono wa kushoto, herufi zikipishana. Daktari aliposoma alimwondoa kwenye chumba cha plasta wiki tatu, akamweka kukunja mashuka. Polisi walipokuja kuchukua maelezo, aliwaeleza alichofanya mchomeleaji na walichofanya walinzi. Askari aliandika la kwanza. La pili alilisikiliza tu, kalamu hewani. Mchomeleaji alihukumiwa miezi kumi. Walinzi walibaki getini, na Mama Plasta akawa anapita mbele yao kila asubuhi bila salamu, kama wenyeji.

Baada ya miezi miwili mchomeleaji aliletwa kutoka gerezani kuondolewa plasta. Mama Plasta aliikata taratibu kwa mkasi mkubwa, mkono wake ukiwa bado dhaifu. Mguu ulitoka mwembamba, wenye magamba.

"Mdogo wangu," mchomeleaji alisema akitazama dari. "Alisema chochote?"

Mama Plasta aliweka mkasi chini. Angeweza kutunga kitu kizuri, na lugha sasa alikuwa nayo ya kutosha.

"Aliomba maji. Nikamnyima, kwa sababu anayesubiri upasuaji hapewi."

Mchomeleaji aliondoa macho darini, akamtazama. "Aliomba mara ngapi?"

"Mara tatu."

Askari alisema muda umekwisha. Mchomeleaji alishuka kitandani, akajaribu mguu, ukamkatalia. Mama Plasta alimpa bega lile ambalo halikupigwa, wakaenda hivyo hadi kwenye gari, hatua kwa hatua, bila kusemezana.